Rizista ya mwisho wa laini iwekwe wapi?

Umeuliza kama rizista zote za mfumo wa kengele ya wizi (zile zinazoipa paneli, yaani kifaa kikuu cha mfumo, kipimo cha kujua kama waya uko salama) zinaweza kukaa ndani ya boksi la paneli ili kurahisisha kazi. Kengele italia mlango ukifunguliwa, ndiyo, ila waya wenyewe unabaki bila ulinzi: mtu akizigusanisha nyaya mbili kabla ya kihisi, paneli bado inaona saketi imefungwa na inanyamaza. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa uvivu tu. Weka rizista kwenye kihisi chenyewe, kwa thamani iliyo kwenye kitabu cha paneli yako. Paneli za kampuni ya DSC, kwa mfano, hutumia 5.6k (kilo-ohm 5.6). Kwenye sumaku ya mlango inayofunga saketi mlango ukifungwa, iunge rizista kwa mfululizo, yaani iwe njiani kwenye uzi mmoja.

Vuta waya wa nyuzi 4 kutoka kila kihisi hadi kwenye paneli, hata pale zinapohitajika 2. Uzi mmoja ukikatika una akiba. Uache sentimita 30 kutoka waya wa umeme, ukiuvuka uvuke kwa pembe mraba.

Betri ya akiba ya umeme ukikatika: jumlisha miliampia (mA) za vifaa vyote. Ya 7 Ah (ampia-saa) kwenye mzigo wa 250 mA ni saa 28 kwa hesabu tupu, king'ora kikiwa kimya. Kadiria 20.