Maswali ya Wasomaji: Danjiri Hukataje Kona Bila Usukani?

SWALI: Nimeona video ya tamasha la Kishiwada, Japani. Gari kubwa la mbao linakata kona kwa mbio na mtu anacheza juu ya paa. Linageuzwaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hilo ni danjiri. Uzito wake ni kama tani 4, kimo chake karibu mita 4, na limechongwa kwa mti mgumu uitwao keyaki. Magurudumu yake manne hayapindi upande wowote, kwa hiyo kona yenyewe, yarimawashi, ni kazi ya watu tupu.

Kabla ya kona gari husimama kwanza ili kamba ndefu ya mbele ikazwe. Kamba iliyolegea huharibu kila kitu. Ngoma ikiharakisha, mamia ya wavutaji hutimua mbio. Kando ya magurudumu ya mbele wapo wawili, kila mmoja na gogo lake. Yule wa upande wa ndani wa kona hulikandamiza kwenye gurudumu, nalo likizuiwa, mbele ya gari huelekea huko. Papo hapo kundi la nyuma huvuta kamba zilizofungwa kwenye wenzo mkubwa, mkia uzunguke. Hawa hawaoni mbele, hivyo humtegemea daikugata, yule wa juu ya paa, anayeonyesha upande kwa pepeo zake. Kucheza kwake ni kazi, tena ya hatari.

SWALI: Mbona mengine hupinduka?

JIBU: Ni suala la sekunde. Nyuma wakichelewa, gari hupitiliza na kugonga nguzo au nyumba. Gogo likikazwa ghafla kwenye kasi kubwa, uzito wa paa na watu huendelea na safari, gari likalala ubavu. Watu wamewahi kufa, kwa hiyo amri ya walinzi haijadiliwi.

SWALI: Niende lini, na nisimame wapi?

JIBU: Jumamosi na Jumapili kabla ya Jumatatu ya tatu ya Septemba. Panda treni ya Nankai kutoka Namba, Osaka. Ni kama nusu saa hivi. Usisimame upande wa nje wa kona, maana gari likipitiliza huishia hapo. Kwenye njia panda ya Kankanba, mjini humo, kuna majukwaa ya kulipia, na hayo ndiyo tunayopendekeza. Mwenye watoto aende jioni: danjiri huvikwa taa za karatasi zipatazo 200 na kukokotwa polepole.