Mbwa wangu anabweka njia nzima, nifanyeje?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nna mbwa wangu Bosko, chotara wa jamani shepadi, ana mwaka na kitu. Nyumbani katulia kabisa ila akipanda gari ni balaa, kila bodaboda ikipita anabweka, afu pale mataa ya Mwenge wamachinga wakisogea anataka kutoka dirishani, juzi kijana wa watu kamwaga karanga zake zote ikabidi nimlipe. Nagombeza mpaka sauti inakauka. Mume wangu anasema tumfunge mdomo na kamba. Mama Brayan, Kimara

JIBU: Pole mama Brayan, na huyo wa karanga pole yake. Tuanze na hiyo kamba, mwambie baba Brayan asithubutu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema mdomo wazi ulimi nje, sasa umfunge mdomo kwenye foleni jua la saa nane la Dar, anaweza kufa na joto hapo hapo siti ya nyuma we unadhani kalala.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Bosko. Boda inakuja, anabweka, boda inaondoka. Ye hajui kama boda ilikuwa inapita tu na abiria wake, anachojua kaifukuza. Mmachinga hivyo hivyo, taa ikiwa kijani mnaondoka, kashinda tena. Yaani anashinda mechi siku nzima halafu unataka aache kucheza? Na ukimpigia kelele ndo kabisa, anaona na mama kaingia uwanjani.

Kwa hiyo kwanza apunguziwe vya kuona. Mtoe siti ya mbele, avae ule mkanda wa kifuani umfunge katikati siti ya nyuma asifikie dirisha, au akae kwenye kreti, kile kizimba cha kusafirishia mbwa, umeifunika na khanga upande mmoja hewa ipite.

Halafu chemsha firigisi, katakata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Anza gari likiwa limezimwa hapo uani, akikaa kimya anapata. Akizoea washa injini, msiende popote. Baadae zungukeni mtaani mrudi. We endesha, Brayan kama ni mkubwa au dada akae nae nyuma na firigisi, na hapa ndo wengi wanakosea: firigisi itolewe boda ikisikika inakuja, KABLA hajafungua mdomo. Ukimpa kashaanza kubweka umemlipa mshahara wa kubweka. Akishindwa rudini hatua ya nyuma, Mwenge saa kumi na moja jioni bado sana.

Mtembeze kidogo kabla ya safari, na asiwe ametoka kula sahani nzima. Ila ukiona anatetemeka, mate yanachuruzika au anatapika, hiyo ni hofu au kichefuchefu, firigisi peke yake haitoshi, mpeleke kwa daktari wa mifugo, dawa zipo (za kwako za kabatini usimpe). Mbwa wengine gari wanalijua kwa safari ya sindano tu, jamani hata mimi ningebweka, siku nyingine mpeleke tu sehemu akanuse nusenuse mrudi.

Na ukishuka dukani hata dakika mbili usimwache ndani vioo juu, hata kama umepaki kivulini. Shuka nae.