Maporomoko ya Sanje kwa siku moja kutoka Dar?
Hapana ndugu yangu, Dar kwenda Sanje na kurudi siku hiyohiyo ni kujitesa. Lala Mang'ula, kwenye geti la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ili siku nzima iwe ya maporomoko. Ndani hakuna barabara, ni miguu tu, tena na mwongozaji. Tenga kama saa nne kupanda na kushuka, uanze asubuhi kabla jua halijawa kali. Maji yanaporomoka kwa hatua tatu, jumla mita 170 hivi, na kuna mahali pa kuoga. Viatu viwe vya soli yenye meno, njia ikilowa inateleza vibaya mno; masika mimi ningeahirisha kabisa. Na mtembee kimya jamani, mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani nchi nyingine yoyote!