Jibu: Uzi wa E wa utumbo unakatika kila nikijaribu nyimbo za baroque za Scotland

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umeweka nyuzi za utumbo wa mnyama kwenye fidla ya kawaida ili upige pamoja na rekodi za Concerto Caledonia, kundi la Scotland linalopiga muziki wa zamani kama baroque (muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na 18), na E, uzi mwembamba zaidi, tayari imekatika mara tatu. Pole, nyuzi hizo si rahisi.

Anza na kipima sauti chako. Umekiacha 440, yaani nota ya A ikitetemeka mara 440 kwa sekunde? Rekodi nyingi za baroque hupigwa A ikiwa 415, karibu nusu toni chini. Shusha kwanza, mimi nilimaliza pakiti nzima kabla mtu hajanishtua.

Kisha angalia uzi ulikatikia wapi. Kama ni chini kwenye mkia, mshukiwa ni kile kiskurubu cha kurekebishia sauti: kimetengenezwa kwa uzi wa chuma, na ndoano yake hukata utumbo. Kitoe, funga uzi kwa fundo. Kama ni juu shingoni au darajani (kibao kinachobeba nyuzi katikati ya fidla), mfereji unaopitisha uzi una makali. Ulainishe, upake penseli laini. Na usivute kwa pupa. Utumbo hunyonya unyevu, utahama sauti siku mbili tatu, hiyo ni kawaida.

Upinde wa kisasa si kosa, ila ushike juu kidogo ya mahali ulipozoea. Vipande vya McGibbon, mtunzi wa Scotland wa karne ya 18, vina mchanganyiko wa Kiitaliano na ngoma za Kiskoti, vinataka mkono mwepesi.

Ukikatika tena, weka picha ya daraja hapa. Bila kuiona nitakuwa nabahatisha tu.