Fundi, Tope Hili Nikalioshee Wapi?

Tangu masika yaanze, barua zinazonifikia zinauliza jambo lilelile: gari la mashindano limetoka uwanjani likiwa donge la udongo na hakuna anayetaka kuliosha. Nimechagua saba. Na mimi nimewahi kulia kilio hicho. Nilipoingia kwenye kikosi cha mafundi wa mbio za magari nilianzia kwenye ndoo na kipande cha ubao. Spana nilikuja kukabidhiwa baadaye sana.

Habari fundi. Mimi na wenzangu wawili tumejenga Starlet ya autokrosi, zile mbio za kuzunguka uwanja wa udongo. Juzi tulitoka Stoni Athi hata rangi ya gari haionekani. Tumefukuzwa sehemu tatu za kuoshea magari kati ya hapo na Kitengela. Huyo wa tatu alituambia tukaribie wakati wowote, ila bila gari. Twende wapi? – Msomaji, Athi River

Huyo wa tatu amenichekesha, lakini namwelewa. Siku nyingine ukifika pa kuoshea magari, tazama chini kabla hujamtazama mtu usoni. Katikati ya sakafu utaona mtaro uliofunikwa kwa nondo. Unapeleka maji kwenye shimo ambamo udongo hutuama kabla maji hayajaendelea na safari yake. Shimo hilo halijisafishi. Kuna kijana anayeingia humo na sepetu, na mara nyingi ndiye huyohuyo aliyekufukuza. Gari la kawaida linamwachia viganja viwili vya mchanga. Starlet yenu, mkipakua kilichomo ndani ya madigadi zote nne na kilichoganda chini ya bodi, inaweza kumwachia ndoo mbili au tatu. Ndoo ya lita 20 ikijaa tope bichi inapita kilo 30. Sasa mnataka awatoze bei ya Probox, halafu kesho ashinde shimoni!

Tena udongo wenu ni ule mweusi, blakotoni. Chembe zake ni laini mno, zinavimba zikipata maji, na haziharakishi kutuama. Mtaro ukizibwa na udongo huo, kuuzibua ni shughuli ya siku nzima.

Kwa hiyo kazi inaanzia uwanjani. Kabla gari halijapanda trela, liinueni kwa jeki, liwekeni juu ya stendi, ng'oeni magurudumu, mkwangue madigadi kwa ubao au plastiki ngumu. Chuma kinachuna rangi ya kinga, na mkifika mwezi wa sita mtaanza kuona kutu. Mwulizeni mwenye uwanja udongo muumwage wapi. Watu watatu wakijituma, nusu saa inatosha. Gari likitoka pale, libaki lile tope la kuoshwa tu. La kuzolewa limeshakwisha.

Mahali penyewe mnapo jirani, sema mnapita tu. Mlolongo na Athi River ni miji ya malori. Tafuteni wanakoosha malori ya kokoto na saruji: uwanja mpana, shimo kubwa, pampu yenye nguvu, na vijana ambao tope haliwashtui. Msiende Jumapili jioni, wakati kila mtu anataka gari lake ling'ae kwa ajili ya Jumatatu. Nendeni siku ya kazi, asubuhi kidogo, baada ya malori ya alfajiri kuondoka. Trela libaki nje. Mmoja wenu aingie kwa miguu na picha ya gari kwenye simu, akubaliane bei ya lori, bei ya gari dogo asiitaje kabisa. Na yule wa sepetu mpeni chake mkononi, mbali na malipo ya mwenye kiwanja. Mkono mtupu haulambwi.

Kwetu kuna mto mzuri tu. Si tuliingize gari majini tumalize kazi? – Murang'a

Hapana. Sheria za Kenya kuhusu ubora wa maji zinakataza kuchafua mto, na chini ya gari la mashindano hakuna udongo mtupu: mna grisi, oili na unga wa breki. Najua utanitajia Kisumu, ambako watu wameosha magari kando ya ziwa miaka nenda miaka rudi. Wamefukuzwa pia miaka nenda miaka rudi.

Hata bila sheria, gari lenyewe litakulilia. Difu, lile sanduku la giya katikati ya ekseli, ikitoka mbioni ina moto. Ukiizamisha ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia kitundu cha kupumulia. Baada ya wiki mbili unafungua bolti, inatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa. Chota maji kwa mitungi, ukaoshee mbali na ukingo, kwenye majani.

Shikamoo fundi. Baba mdogo anasema tope liachwe likauke, ulibandue kama maganda. Mimi nasema lioshwe bichi. Tumebishana hadi chakula kikapoa. – Morogoro

Marahaba. Kila mmoja ana udongo wake kichwani, ndiyo maana hamwelewani.

Ule mweusi wa mbugani uondoe ungali mbichi, au angalau una unyevu. Ukishakauka unapasuka juu kama sakafu ya bwawa lililokauka, na utadhani ni rahisi kuubandua. Kipande cha juu kinatoka kweli; cha chini kinabaki kimeng'ang'ania kama saruji, hasa pale bodi inapokunjana na bampa. Ukichelewa, usiupige kwa nguvu. Tandika magunia yaliyoloweshwa, yaache saa nzima, kisha rudi na ubao.

Udongo mwekundu, ule wa Limuru na Kiambu kwetu, hapo baba mdogo ana hoja. Ukikauka nusu unatoka kwa mabonge, unapunguza maji mengi. Ubaya wake ni doa. Ukikaa kwenye rangi nyeupe siku tatu nne, gari linabaki na haya usoni kama bibi harusi. Mimi nakwangua mabonge jioni ileile na kuosha kesho yake bila kukosa.

Kuna na vumbi la Naivasha, lile ambalo madereva wa Safari Rally wanaliita fesh-fesh. Ni laini kama unga wa ngano, na likiwa kavu linaingia hata ulikofunga kwa utepe. Ndiyo sababu magari yale hufungwa bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Likinyeshewa linakuwa uji. Hilo usilipanguse kwa kitambaa hata siku moja, kavu wala bichi, kwa sababu ni majivu ya volkano na yanachuna kioo na rangi kama msasa. Maji mengi ya polepole kwanza, mkono baadaye.

Kwa hiyo baba mdogo anapewa robo tatu ya kosa na robo moja ya haki. Mpelekee chai.

Jambo sana papa fundi. Niko Des Moines, Iowa, nasaidia timu ndogo ya magari ya mbio za udongo. Sehemu za kuoshea kwa kutumbukiza sarafu zina vibao vinavyokataza tope, na jirani amelalamika tulipooshea barabarani. Huku wenzetu wanafanyaje? – Mkongomani wa Iowa

Jambo sana mwanangu. Uko karibu na mji wenyewe wa mchezo huo. Knoxville haiko mbali nawe, na kila Agosti magari ya sprinti yenye mabawa hukusanyika pale kwenye duara la udongo la nusu maili, yaani kama mita 800.

Wasomaji wa huku wajue kwamba tope la huko hutengenezwa makusudi. Boza humwagilia uwanja kabla ya mbio, magari yanazunguka kuushindilia, na mizunguko ya kwanza ndiyo inayorusha mabonge. Usiku ukiendelea uwanja unakauka na kuwa mweusi na wa kuteleza. Maana yake, mwanangu, tope lenu karibu lote mnalipata mapema. Kwangueni mara tu gari linaporudi kutoka mizunguko ya kupasha moto, kabla ya mbio za mchujo. Kwanza mnapunguza uzito, pili mnaacha udongo kwa mwenyewe. Wengine hunyunyizia bodi mafuta ya kupikia au dawa maalumu ili tope lisishike, na hufunika magurudumu kwa vifuniko au kujaza sponji ndani ya rimu. Igeni.

Hivyo vibao msivipige vita. Shimo la pale ni dogo, na kulifyonza ni gharama. Barabarani nako jirani ana haki: mitaro ya mvua ya mijini kwa kawaida inapeleka maji mtoni bila kusafishwa, na Marekani ina sheria ya maji safi tangu 1972. Mko Iowa, nchi ya mahindi. Mtafuteni mkulima mmoja mwenye kiwanja cha changarawe anakooshea mashine zake za kuvunia, mkubaliane kwa mwezi. Akishindikana, nendeni kwenye vituo vya kuoshea malori. Na kabla ya kuwasha pampu, funikeni magneto, kile kifaa cha kutoa cheche za injini, kwa mfuko wa plastiki na mzibe midomo ya kuvutia hewa. Midomo hiyo inatazama juu. Maji yakiingia humo, injini imekwisha.

Gari nimeliosha likang'aa. Nikifika kasi ya 80 usukani unatetemeka kama nimeshika mashine ya kusaga nafaka. Fundi wa mtaani anasema ninunue shokapu nne. – Eldoret

Usinunue kitu. Ng'oa magurudumu, tazama upande wa ndani wa rimu. Utakuta mkate wa udongo umeganda upande mmoja. Vijana wa kuosha wanapiga uso wa rimu kwa kuwa ndio mwenye gari anaouona. Kwangua, osha, rudisha. Ukitetemeka tena ndipo uongee habari za balansi, na shokapu zije mwisho kabisa.

Nimenunua mashine ya presha niachane na hawa watu. Kuna mahali sipaswi kupiga? – Arusha

Pako pengi, na nilipajua kwa hasara. Zamani hizo nilikabidhiwa pampu ya kukodi, gari limetoka kwenye mvua, rejeta imeziba kabisa. Nikasogeza mdomo wa bomba mpaka kiganja kimoja kutoka kwenye rejeta, nikapiga kwa mbele. Tope lilitoka, na mapezi yote ya kati yakalala chini kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Nilikaa hadi usiku nikiyainua moja moja kwa ncha ya kisu, taa ya kandili begani kwa mwenzangu, bosi amesimama nyuma yetu bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Rejeta inaoshwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kule tope lilikotokea, kwa maji ya mpira wa kawaida. Pampu isogee nyuma hatua nzima. Usielekeze kwenye altaneta, sanduku la fyuzi, kompyuta ya injini, sili za beringi, wala buti za ekseli. Presha inapenyeza maji na mchanga ndani, na grisi inatoka. Ukimaliza, pitisha bunduki ya grisi kwenye nipeli zote mpaka grisi safi ionekane. Diski na egzosti zikiwa na moto ziache zipoe kwanza. Halafu endesha pole mita mia mbili tatu ukikanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Mikanda ya kiti isiguswe na pampu wala jiki. Sabuni laini, maji vuguvugu, uianike kivulini, maana jua linachosha nyuzi zake.

Sabuni ya povu uipake kutoka chini kwenda juu, usuuze kutoka juu kwenda chini. Hili watu hulibishia sana. Jaribu mwenyewe uone michirizi.

Fundi, mimi si dereva, ni mke wa dereva. Mume wangu anaoshea gari lake la rali uani. Mtaro wa bafuni umeziba mara mbili, na juzi nimekuta kijiko changu cha mwiko chini ya gari. Msaidie kabla sijamsaidia mimi. – Nakuru

Pole sana shemeji. Mwiko ulikwenda kukwangua madigadi, na kwa mtaalamu ni chombo kizuri, lakini akanunue wake.

Mwambie hivi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 katika Safari Rally, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na tope lilikuwa na mkono wake kote kuwili. Yeye hawezi kulishinda kwa bomba la bafuni. Achimbe shimo kwenye kona ya ua iliyo mbali na nyumba na kisima, upana wa mita moja, kina hadi magotini. Chini aweke kokoto. Kandokando asimamishe pipa la nusu lililotobolewa juu, maji yapite humo kwanza, yafurike kupitia matundu, yaingie shimoni kupitia gunia. Tope litabaki chini ya pipa. Gari asimamishe juu ya changarawe, si juu ya saruji inayoteremkia mlangoni kwako. Pipa likijaa nusu, alimwage yeye mwenyewe. Asimwachie msichana wa kazi.

Ukiona utando wa rangi za upinde juu ya maji, hiyo ni oili, na udongo huo usikubali aumwage kwenye sukuma zako. Uende kwenye gunia, gunia liende naye gerejini. Ukiwa hauna oili, mwekundu ule unafaa chini ya migomba. Mwiko usiurudishe jikoni hata ukichemshwa.