Bomba Likigonga Usiku, Usikimbilie Kubadilisha Elbo

Nyumba yetu ipo Bugarika, juu ya mawe. Anayeifahamu Mwanza anajua maana yake: mtaro wa bomba hauchimbiki, kwa hiyo bomba linapita juu ya jabali na kufungwa kwa waya pale panapopatikana pa kufungia. Maji ya mgao yanaingia kwenye tanki la chini, karibu na njia ya gari, kisha pampu inayapandisha kwenye bomba la chuma la inchi moja, mita 140, mpaka tanki la juu nyuma ya nyumba. Kimo kutoka pampu hadi juu ni kama mita 28.

Kwa miaka miwili nilisikia kishindo kilekile. Umeme ukikatika pampu ikiwa inafanya kazi, unahesabu moja, halafu "ngo!", kama mtu amepiga nyundo kwenye reli. Bomba zima linaruka juu ya mawe. Wapangaji walikwisha zoea, ila mtoto mgeni akilala kwetu lazima aamke analia. Elbo ya kwanza baada ya pampu, kile kiungio cha kona, iliachia mara nne. Kila ikiachia usiku, umeme unarudi, pampu inajiwasha yenyewe, na maji yote ya tanki la chini yanaishia uwanjani kwa jirani. Fundi anakuja, anakata, anaweka elbo mpya, nalipa. Mara ya nne alinishauri niondoe bomba lote niweke la ukuta mnene zaidi, na mimi nikaanza kutafuta hizo fedha.

Aliyenizuia ni mzee mmoja wa Igogo, fundi bomba tangu ujana wake, ambaye siku hiyo alikuwa na kazi kwa jirani. Umeme ulikatika akiwa amesimama kwenye ngazi. Alisikia kishindo, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu.

"Mwangaluka, mama. Hilo bomba halina ugonjwa. Maji ndiyo yanalipiga."

"Shikamoo mzee. Maji yanapigaje?"

"Marahaba. Yanakuwa na mwendo, halafu yanakatazwa ghafla."

Nimefikiri sana juu ya jibu lile, na namna yangu ya kulielewa ni hii. Chukua watu kumi wanashuka zile ngazi zetu nyembamba za mawe, kila mmoja na ndoo kichwani, wamefuatana karibu karibu. Wa kwanza anakuta geti limefungwa puu. Anasimama. Wa pili anamgonga, wa tatu anamgonga wa pili, na kile kishindo kinapanda mlima mpaka kwa mtu wa mwisho, mbio kuliko mwendo wa watu wenyewe. Maji ni hivyo, tena vibaya zaidi, kwa sababu maji hayabonyei kama watu. Hayana pa kujikunja. Nguvu yote inahamia kwenye ukuta wa bomba na kwenye maungio.

Kwetu geti lilikuwa ile valvu ya kuzuia maji kurudi iliyopo juu ya pampu. Umeme ukikatika pampu inaacha kusukuma, lakini maji yaliyo bombani bado yanapanda kwa mwendo wao. Yanapunguza, yanasimama, kisha yanageuka kushuka. Valvu yetu ilikuwa ya kifuniko kizito kinachoning'inia. Ilikuwa inachelewa kufunga. Maji yakishapata kasi ya kushuka ndipo kifuniko kinagongwa na kujifunga kwa mkupuo, na hapo ndipo "ngo!" inapotoka. Kule kuhesabu moja kulikuwa ni muda wa maji kupunguza mwendo na kugeuka.

Naomba tukae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niamini. Maji yaliyosimama kimo cha mita 10 yanaleta presha ya karibu baa 1 (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo mita zetu 28 ni baa 2.8 tu. Bomba la chuma haliogopi hiyo. Lakini Mrusi Nikolai Zhukovsky, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow, alionyesha mwaka 1898 kwamba presha inayozuka maji yanapozuiwa ghafla inategemea mwendo uliopotea na kasi ya mshindo, yaani lile pigo linalosafiri ndani ya bomba. Kwenye chuma mshindo unakimbia kama mita 1,300 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, kila mita moja kwa sekunde ya mwendo inayozimwa kwa mara moja inaongeza baa 13 hivi. Maji yetu yakishuka kwa nusu mita tu kwa sekunde kabla ya kifuniko kufunga, ni baa 6.5 juu ya zile 2.8. Na haiji mara moja ikaisha. Inakwenda juu na kurudi, inagonga tena na tena mpaka ichoke. Meno ya elbo yaliyokwisha liwa na kutu, yakivutwa kila siku na bomba linaloruka, yatastahimili mpaka lini?

Mabomba ya plastiki yanatanuka kidogo, kwa hiyo mshindo ndani yake ni wa polepole. Kwenye PVC ile mita moja kwa sekunde huongeza kama baa 3 hadi 5. Huo ni unafuu, lakini plastiki inachoshwa na kupigwa mara nyingi, na bomba lililoandikwa PN10 limetengenezwa kwa baa 10, siyo zaidi. Soma maandishi hayo kabla hujalipa. Na bomba la ukuta mnene zaidi, nililoshauriwa kununua, lisingepunguza mshindo hata kidogo, kwa kuwa ukuta mgumu ndio unaoupa kasi.

Mzee alifanya mambo mawili, na yote kwa siku moja. Alitoa valvu ya kifuniko akaweka ya springi. Springi inaanza kufunga maji yanapopunguza mwendo, kwa hiyo yanapotaka kugeuka yanakuta njia imeshafungwa, na hayajapata kasi. Bei yake ilikuwa chini ya nilicholipia elbo mbili na fundi. Kisha akalishika bomba kwa vibanio vilivyotobolewa kwenye mwamba, akiweka vipande vya tairi katikati ili chuma kisikwaruze jiwe. Waya haushiki bomba, unalining'iniza tu.

Ingekuwa naanza upya ningepitisha bomba la inchi moja na nusu. Tanki letu la lita 1,000 lilikuwa linajaa kwa dakika 17, yaani kama lita moja kwa sekunde, na kwenye bomba la inchi moja huo ni mwendo wa karibu mita 1.7 kwa sekunde. Kiasi hichohicho kwenye inchi moja na nusu kinapita kwa chini ya nusu ya mwendo huo. Pampu ingepumua pia. Hili nawaambia kwa uchungu wanaojenga sasa huku milimani: pesa unayookoa kwa kununua bomba jembamba utairudisha yote kwa mafundi.

Ndani ya nyumba, adui ni zile koki za mkono mmoja zinazofunga kwa robo mzunguko. Ukiifunga kwa pigo moja, bomba la ukutani linajibu. Fundisha watoto kufunga taratibu. Hilo halina gharama. Mashine ya kufulia huwezi kuifundisha, valvu yake ya umeme inafunga papo hapo, na hapo weka kipande cha bomba kilichosimama wima, kimezibwa juu, chenye hewa ndani. Hewa inabonyea na kumeza pigo. Lakini hewa hiyo huyeyuka ndani ya maji kidogo kidogo mpaka kipande kinajaa maji na hakina kazi tena, kwa hiyo funga koki kuu na ukimwage mara moja moja kiingie hewa mpya.

Mgao ukirudi baada ya siku mbili, mabomba yamejaa hewa. Ukiacha koki wazi kabisa hewa inatoka kwa kishindo, na maji yanayoifuata yanafika kwa kasi yakigonga pale njia inapokuwa nyembamba. Mimi naacha koki ya juu kabisa wazi kidogo tu mpaka iache kukohoa, ndipo nafungua zote.

Siyo kila kelele ni mshindo wa maji. Pigo moja zito mara tu koki inapofungwa au pampu inapozima, ndilo hili. Ikiwa ni mngurumo unaoendelea wakati maji yanatoka, mara nyingi ni raba ya koki imelegea. Na kama tanki linapokaribia kujaa unasikia tu-tu-tu-tu, angalia boya linalofunga valvu ya tanki: mawimbi ya maji yanayoanguka yanalipandisha na kulishusha, valvu inafungua na kufunga mfululizo. Sisi tuliteremsha kipande cha bomba mpaka ndani ya maji ili yasianguke kutoka juu. Kikitobolewa tundu dogo juu ya usawa wa maji, maji ya tanki hayatavutwa kurudi.

Mzee alinieleza pia kwamba pigo hilihili lina faida. Baadaye nikasoma kwamba Mfaransa Joseph Montgolfier mwaka 1796 alilitumia kwenye pampu isiyohitaji umeme wala mafuta: maji yanayoteremka yanazuiwa kwa ghafla, na presha inayozuka inapandisha sehemu yake juu kuliko yalikotoka. Wenye vijito mashambani wangefanya vizuri kuifikiria.

Jana usiku umeme ulikatika pampu ikiwa inapandisha. Nilikuwa jikoni. Nilihesabu moja, mbili, tatu, kwa mazoea, na kilichosikika ni "tk" ndogo ya springi kule chini.