Maswali na Majibu: Je, entropi ni vurugu?

Tunafundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei. Mbona tunahimizwa kuitunza?

Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huchukua takriban kilojuli 314. Yakishapoa, kilojuli zote hizo zimo hewani na kutani mwa jiko lako, ila huwezi kuzikusanya zichemshe hata kikombe kimoja. Kilichopungua ni uwezo wa nishati hiyo kufanya kazi. Huo ndio tunaoutunza, mabango yaseme yatakavyo. Unapopotea hivyo, kiasi kiitwacho entropi huongezeka.

Entropi ni kipimo cha vurugu?

Vitabu vingi husema hivyo, mimi sipendi. Mwanafizikia Rudolf Clausius, aliyeipa jina hilo mwaka 1865, hakuhitaji vurugu: aligawanya joto linaloingia kwa halijoto kamili, ile inayopimwa kwa kelvini (nyuzi 0 ni kelvini 273). Kilo moja ya barafu ikiyeyuka kwenye nyuzi 0 hupokea kilojuli 334. Gawa kwa kelvini 273, upate ongezeko la kilojuli 1.22 kwa kelvini. Halafu tikisa mafuta ya kula na maji chupani, uyaache. Yatajitenga yenyewe huku entropi ikiongezeka, na jicho litaona mpangilio.

Mwalimu anadai misingi ya somo hili la joto na nishati inazunguka: joto linaelezwa kwa halijoto, halijoto kwa joto. Kweli?

Kwa namna inavyofundishwa mara nyingi, ndiyo. Mwanahisabati Constantin Carathéodory alijaribu kuukata mzunguko huo mwaka 1909. Mwaka 1999 wanafizikia Elliott Lieb na Jakob Yngvason walikwenda mbali zaidi, wakaanza na swali moja: mfumo unaweza kutoka hali hii kufika ile, bila kuacha badiliko lolote nje isipokuwa mzigo uliopanda au kushuka? Mzigo unaoshuka unaweza kuzungusha pangaboi ndani ya maji, yakapata joto. Kuyarudisha yalivyokuwa kwa mzigo peke yake haiwezekani. Hali zikishapangwa hivyo, ipi inaweza kufika ipi, na masharti machache yakitimia, entropi ni namba inayofuata mpangilio huo. Halijoto na joto huja baadaye, kama matokeo. Hesabu zake ni nzito, na entropi hiyo ni ya hali za msawazo tu, yaani zilizotulia zisizobadilika tena zenyewe, lakini sijaona njia safi zaidi.

Basi kwa misingi hii mipya, mitambo inayotumia joto itabadilika?

La. Kikomo alichokigundua mhandisi Sadi Carnot mwaka 1824 kiko palepale: mtambo unaochukua joto kwenye nyuzi 200 na kulitupa kwenye nyuzi 30 hauwezi kugeuza zaidi ya asilimia 36 ya joto hilo kuwa kazi.